Naserian na ng'ombe arobaini wasiokuwa wake

Saa moja asubuhi, Naserian Parmuat anainama juu ya mtungi wa maziwa kwenye kibanda chake kando ya soko la Kitengela. Anachovya kijiti na kudondosha tone moja kwenye ukucha wa kidole gumba. Tone linakaa pale pale, halitiririki. Hayajatiwa maji, basi, na aliyeyaleta anaambiwa amimine.

"Zamani nilikuwa naonja tu," anasema. "Saa hii mdomo haiskii kitu, kila kitu ni kama chuma. Lakini hii dawa imenifanyia kucha nyeusi, na maziwa inaonekana vizuri sana juu yake."

Anacheka mwenyewe. Mteja wake wa kwanza, Waithera mwenye hoteli ya chai, hajui kama acheke au anyamaze.

Dawa anayoitaja ni ya saratani ya titi. Naserian, mjane wa miaka arobaini na minne na mama wa msichana mmoja aitwaye Resian, amemaliza awamu tano kati ya nane. Kila baada ya wiki tatu husafiri kutoka kwao Isinya hadi hospitali ya rufaa jijini Nairobi, akatundikiwa chupa za dawa kutwa nzima. Siku mbili baadaye yuko sokoni na mitungi yake.

Gharama inalipwa na bima ya afya ya serikali. Lakini bima hiyo nusura imponyoke, na aliyeisukuma mbali ni yeye mwenyewe.

Mwaka juzi alitembelewa na Ndulu Mwololo, mhudumu wa afya ya jamii ambaye hupita boma hadi boma na simu mkononi akiandikisha watu. Mtu asiye na mwajiri huchangia bima kulingana na uwezo wa nyumba yake, kwa hivyo maswali ni mengi: paa ni la nini, maji yanatoka wapi, mifugo ni wangapi.

Naserian alikuwa na miezi mitano ya ujane. Ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe wa mumewe wote kumi na saba, na mume naye hakukaa sana baada yao. Waliobaki zizini walikuwa wa shemeji yake, Timothy. Na Timothy mwenyewe alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka hapo, akinywa chai na wazee wawili.

"Ndulu akaniuliza ng'ombe ni ngapi. Kwanza kwetu hiyo si swali ya kuuliza mtu," anasema. "Halafu wazee wananiskia. Nikasema arobaini."

Ndulu aliandika alichoambiwa. Simu ikapiga hesabu na kutoa mchango wa mwaka ambao faida ya miezi minne ya maziwa isingeutosha. Naserian akashukuru kwa adabu, akamsindikiza mgeni, akaachana na habari za bima. Alikuwa mzima wa afya, hakuona haraka yoyote.

Miezi minane baadaye, akioga, mkono wake ulikutana na uvimbe.

Awamu ya kwanza na ya pili zililipwa na kanisa pamoja na wanawake wa sokoni. Ilipofika ya tatu, mifuko ya kila mtu ilikuwa imekauka. Wiki tatu za kusubiri zikawa saba, na daktari hakumficha: uvimbe uliokuwa umeanza kunywea ungeweza kukua tena. Wapo wanaoita hali kama hiyo uzembe. Hao hawajawahi kuulizwa mali yao mbele ya shemeji.

Ndulu ndiye aliyerudi na habari kwamba tathmini ingeweza kufanywa upya, mradi chifu athibitishe na watu wa boma wawepo. Yaani lile aliloona aibu kulisema mbele ya wazee wawili, sasa alitamke mbele ya ukoo. Kwa siku tatu Naserian hakumpa jibu.

Siku ya nne walikaa kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba ya Timothy. Chifu akauliza. Naserian akasimama, akasema hana ng'ombe hata mmoja.

Timothy hakupendezwa. "Mama Resian, hizi ng'ombe ni za nyumba yetu yote," alimwambia. "Unataka chifu aseme nimetupa bibi ya ndugu yangu?"

"Basi nionyeshe moja, shemeji, yenye naweza kuuza leo nipate dawa."

Timothy alilitazama zizi. Kisha akamwambia chifu aandike vile mama amesema. Hakumsemesha Naserian kwa wiki mbili, na hilo, anakiri, lilimuuma kuliko sindano yoyote. Lakini mchango mpya aliweza kuulipa mwenyewe, na dawa ya tatu akaipata.

Zimebaki awamu tatu, kisha upasuaji. Anamwomba Mungu amjalie kumwona Resian akimaliza kidato cha nne. Na ana mpango mwingine, ambao tayari ameuanza: kila Alhamisi hufunga kibanda mapema na kuandamana na Ndulu.

"Nataka tupite boma zote za huku," anasema. "Wakifika kwa swali ya ng'ombe, mimi nawaambia wanaume watoke kidogo."

Alhamisi hii wako kwa mama aitwaye Florence, aliyejifungua juzi.

"Takwenya, yeyo," Ndulu anamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Florence anaitikia.

Maswali yanakwenda vizuri mpaka yanapofika kwenye mifugo. Florence anatazama mlangoni, maana mumewe hajaenda mbali, na midomo yake inaanza kuhesabu kitu kikubwa.

Naserian anavua kitambaa kichwani.

"Mimi nilisema arobaini," anamwambia. "Dawa ikanikosa wiki saba."

Florence anakitazama kile kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Kisha anamgeukia Ndulu.

"Andika mbili," anasema. "Na moja si yangu."