Mpwa wa Dirishani na Barua Wanazozificha Wastaafu

Saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, mlango wa ukumbi bado umefungwa, lakini nje wazee wameshajipanga na bahasha zao kwapani. Ndani, mwanamume mwenye mvi anapanga viti, wala hapangi ovyo. Vyenye mikono anaviweka mbele kwa ajili ya wenye magoti yanayogoma. Visivyo na mikono vinakwenda nyuma, kwa wasindikizaji.

Akimaliza viti anachukua kikapu cha miwani na kuanza kuifuta, moja baada ya nyingine. Miwani hiyo si yake. Imesahauliwa hapa na wastaafu mwaka baada ya mwaka, na sasa huazimwa wenzao walioacha yao nyumbani.

"Hii ya fremu nyekundu imesoma fomu nyingi kuliko mimi," anasema.

Ni afisa wa huduma kwa wateja katika wakala wa serikali unaolipa mafao ya watumishi waliostaafu. Ana umri wa miaka hamsini na minane, na ishirini na saba ameitumia kwenye dirisha namba tatu. Yeye humwita kila mzee mjomba na kila bibi shangazi, basi nao wakamgeuzia kibao. Wanamwita Mpwa.

"Mpwa gani huyu mwenye mvi kuliko mjomba wake?" anachokoza mzee mmoja, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, mlango unapofunguliwa.

"Mvi hizi nimezipata kwa kusoma mwandiko wako, mjomba!" Mpwa anamjibu, na ukumbi mzima unaangua kicheko.

Kwa siku huhudumia watu kati ya sitini na themanini. Mshahara wake, anasema bila kificho, humwishia tarehe ishirini, na mkewe, fundi cherehani, ndiye anayeivusha nyumba hadi mwisho wa mwezi. Zawadi haruhusiwi kupokea. Mwaka jana bibi mmoja alimletea kuku, kuku akaponyoka, ikabidi walinzi wawili na wastaafu wanne wamsake chini ya viti.

"Kuku alirudi kwake na mwenyewe," anasema. "Mimi napokea dua tu. Dua haziandikwi kwenye rejista ya zawadi."

Mwandishi wa makala haya, aseme tu ukweli, alikwenda pale kutafuta malalamiko. Ofisi za namna hii tunazijua: njoo kesho, faili halionekani, mhusika yuko semina. Malalamiko yapo, na mengine ni ya haki kabisa. Lakini Jumanne hiyo, kabla hata kalamu haijafunguliwa, alifika dirishani mama mmoja mwembamba, mkwewe, mume wa binti yake, akiwa nyuma yake amembebea mkoba.

Mama huyo ana miaka sitini na mmoja. Alifua nguo majumbani mwa watu hadi alipofikisha miaka arobaini na miwili, ndipo akaajiriwa kuwa dobi wa hospitali ya serikali. Alifua mashuka ya wagonjwa hadi alipostaafu.

Tatizo lake ni hesabu. Anayetaka pensheni ya kila mwezi lazima awe ametumikia serikali miaka isiyopungua kumi na mitano. Kompyuta inamtambua kwa miaka kumi na mmoja na miezi mitano tu. Miaka sita ya mwanzo haipo, kwa sababu chumba kilichohifadhi mafaili ya zamani ya hospitali kilivuja msimu mzima wa mvua na karatasi zikawa uji. Bila miaka hiyo atapewa malipo ya mara moja, kisha basi.

Ameifuatilia kwa miezi kumi na minne. "Nimepigwa kalenda hadi nimezoea," anasema. Safari hii hakuna tena kalenda. Kamati ya madai inakaa Alhamisi, na shauri lake likipita bila ushahidi mpya, faili linafungwa.

Mkwewe anapokwenda kumtafutia kiti, mama anainamia kioo cha dirisha.

"Mwanangu, nimefua nguo za watu maisha yangu yote. Leo pesa ya sabuni namwomba mkwe. Hajawahi kuninyima, Mungu ambariki. Lakini mkwe, jamani! Nashindwa hata kumtazama usoni."

Mpwa anafungua bahasha yake na kusoma karatasi moja moja bila haraka. Kuna cheti cha mfanyakazi bora, barua ya pongezi, picha ya mama akiwa na sare, kadi ya kuagwa yenye saini za wenzake. Mambo mazuri matupu, na yote ni ya miaka ambayo kompyuta tayari inaijua.

Mkwe amerudi na kiti. Mpwa anaziweka karatasi chini, anavua miwani, anauliza swali ambalo wenzake wa madirisha mengine wanalifahamu kwa moyo.

"Shangazi, uliwahi kupewa barua ya onyo?"

"Mimi? La hasha!" Mama anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Anamtupia jicho mkwewe, kisha anatazama sakafu.

Mpwa hambishii. Anamgeukia mkwe na kumwomba kwa upole avuke barabara akatoe nakala ya kitambulisho cha mama. Mkwe anatoka. Mpwa anasogeza uso karibu na tundu la kioo.

"Shangazi, mficha uchi hazai. Hapa umebaki na mpwa wako tu."

Mama anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Ipo moja," anasema kwa sauti ya chini.

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Ndani ya birika la wageni."

"Hukuitupa?"

"Ningeitupaje? Ina muhuri wa serikali."

Mpwa anaziba mdomo asicheke, lakini mabega yanamsaliti. Mama naye anacheka, huku machozi yanamlengalenga.

Baadaye, wakati wa chai, Mpwa anaeleza. Anasema wastaafu karibu wote hufanya kosa hilo hilo. Wanaleta karatasi za sifa na kuficha za aibu, kwa kuhofia kwamba serikali itakumbuka makosa yao na kuwanyima haki. Kumbe barua ya sifa haina kitu ndani.

"Anayekusifu anaandika mistari miwili tu, hongera, endelea hivyo hivyo," anasema. "Anayekuonya anaogopa utamkatia rufaa, kwa hiyo anajaza kila kitu. Jina, cheo, namba ya mshahara, tarehe. Na mstari wa kwanza lazima aanze na 'Rejea barua yako ya ajira', namba yake hii hapa, tarehe yake hii hapa. Mtu asiyeajiriwa haonywi, ndugu yangu."

Sentensi hiyo ya mwisho hakuibuni yeye. Anasema hivyo mara mbili, ili iandikwe vizuri.

Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi katika idara ya majengo. Alipostaafu, miaka yake ya mwanzo haikuonekana, naye akafa akiwa bado anaifuatilia. Familia ilipokuwa inagawa nguo zake ilikuta barua tatu za onyo ndani ya bitana ya koti, zote za kuchelewa kazini. Mama yake alitaka zichomwe kabla shangazi zake hawajaziona.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikazichukua nikazipeleka ofisini, hata sijui kwa nini, nadhani nilitaka tu kugombana na mtu," anasimulia. "Nikamkuta mama mmoja wa masjala, mnene, anakula karanga. Akasoma ya kwanza, akacheka. Akasoma ya pili, akacheka mpaka akafuta macho. Ndipo akaniambia maneno hayo. Akaacha karanga zake, akaenda kutafuta daftari mwenyewe."

Mjane alilipwa. Pesa hizo zilimsomesha yeye na dada zake wawili.

"Yule mama hakuwa na sababu ya kuinuka kwenye kiti chake. Saa ya kutoka ilikuwa imeshafika," anasema. "Ameshatangulia mbele za haki. Namshukuru kila siku ninapofungua dirisha hili, na sijachoka kumshukuru."

Jumatano mama dobi anarudi peke yake. Nyumbani ameaga kwamba anakwenda kliniki. Barua imejikunja kwa kukaa ndani ya birika miaka kumi na sita, na Mpwa analazimika kuilaza chini ya kioo cha meza ndipo aisome. Anaisoma kwa sauti ya kunong'ona.

"Rejea barua yako ya ajira," na namba ipo, na tarehe ipo. "Umeonekana ukitumia sabuni ya serikali kufulia magauni mawili na fulana moja ya mtoto, vitu visivyokuwa mali ya hospitali. Kitendo hicho hakikubaliki na kisirudiwe." Chini kuna saini ya katibu wa hospitali na muhuri wa zambarau.

Mama anaeleza. Kulikuwa na mgonjwa aliyelazwa wiki tatu na mtoto wake mdogo, na hakuna ndugu aliyekanyaga kuwaona. Nguo zao zilianza kunuka hadi wagonjwa wengine wakasogeza vitanda. Yeye alizichukua akazichanganya na mashuka.

"Siku ile nililia nikashindwa hata kupiga pasi," anasema. "Mume wangu aliingia kaburini bila kujua kwamba mkewe aliwahi kuonywa."

Akiwa na namba hiyo mkononi, Mpwa anashuka masjala, chumba cha chini chenye taa moja inayopepesa, ambako madaftari ya ajira za zamani yamepangwa hadi darini, kwa namba na si kwa majina. Anakaa huko dakika hamsini. Anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, na kabla hajafika dirishani anainua kidole gumba. Daftari lipo. Mstari wa ishirini na mbili, jina lake kamili, siku aliyoanza kazi.

Alhamisi saa nane mchana kamati inamaliza kikao. Mama ameketi mbele, mkwewe pembeni. Mpwa anatokea mlango wa pembeni na karatasi moja. Hapiti dirishani, anavuka ukumbi mzima na kuchuchumaa mbele ya kiti cha mama.

"Shangazi, miaka kumi na saba na miezi mitano. Yote. Hawajakukata hata siku moja."

"Na pensheni?"

"Kila mwezi, mpaka Mungu mwenyewe atakapokuita."

Mama anamshika mikono yote miwili. Mwandishi, ambaye hukaa akijisifu kuwa ana moyo mgumu, anajifanya anatafuta kalamu. Kisha mama anatoa ile barua na kumpa mkwewe.

"Soma, baba. Nilikuwa nakuficha wewe hasa."

Mkwe anaisoma hadi mwisho, halafu anarudia. "Mama, kumbe ni hii? Mimi nilidhani umeua mtu!"

Mpwa atastaafu baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo ana jambo moja analolitaka: mstari mmoja uongezwe kwenye fomu ya madai, unaomuuliza mstaafu kama ana barua yoyote ya onyo, na kumhakikishia kwamba haitamdhuru. Ameshauandikia uongozi mara tatu. Mara ya nne aliwaruka wakubwa wake akaandika ngazi ya juu zaidi, akaonywa kwa mdomo.

"Nikawaomba waniandikie," anasema na kucheka. "Mimi nami nitastaafu."

Ana pia kazi nyingine ndogo, ambayo amepewa na mama dobi. Kabla ya kuondoka Alhamisi hiyo, mama alirudi dirishani na kuuliza kama katibu aliyetia saini ile barua bado yu hai. Kwa miaka kumi na sita alikuwa halitaji jina lake, na akikutana naye njiani alikuwa anabadili upande.

Mpwa alitafuta kwenye kompyuta. Haruhusiwi kusema mahali katibu huyo anapoishi, lakini yu hai, na naye ni mstaafu. Mwezi ujao atakuja kuhakikiwa kwenye ukumbi huu huu. Mpwa ameizungushia tarehe hiyo duara kwenye kalenda yake ya mezani, na pembeni ameandika ujumbe kama alivyopewa, neno kwa neno, kwa sababu mama alisimama pale kuhakikisha hapunguzi kitu.

"Mwambie dobi anashukuru sana, Mungu amzidishie. Na umwambie sabuni niliitumia kweli, na yule mtoto alitoka wodini na fulana safi."