Kompyuta Sebuleni kwa Jirani

Tulikuwa wanne. Mimi, binti yangu wa mwisho, ambaye alikuwa karibu kujifungua, wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu, aliyeteremka kutoka Wundanyi na mkungu wa ndizi kuja kumpokea mtoto, na jirani yangu, mama Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, mwenye nyumba tuliyopanga hapo Voi. Majina yao yote ninayo kichwani, mpaka ya wajomba zao. Lakini wenyewe wamesema nisiyaandike, basi nimeyaacha.

Ilikuwa miaka ya tisini. Binti yangu alikuwa ameandikwa kazi Mombasa, katika ofisi ya mambo ya kompyuta. Mimba yake ya kwanza iliharibikia huko huko, akiwa mbali na mimi, nikapata habari mambo yameshapita. Hii ya pili nikasema, huyu atazalia kwangu. Mkubwa wake wa kazi alikubali nusu nusu. Alimpa kompyuta aje nayo, lakini akamwambia, Ijumaa ikifika kazi haijaisha, arudi Mombasa aimalizie ofisini. Arudi kwa basi, na tumbo lile!

Kompyuta tuliiweka sebuleni kwa jirani, kwa sababu ndiye aliyekuwa na stima na simu.

Kazi yenyewe alinieleza kwa Kidawida. Ndiyo ilikuwa tabia yake tangu shule. Kitu kikimsumbua, anakuja kukaa karibu nami nikichambua pojo, ananieleza kwa lugha ya nyumbani, na pale anapokwama kwenye maneno anajua hapo ndipo hajaelewa. Mimi niliishia darasa la tatu. Nilikuwa naitikia tu, "Ee."

Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na chipu moja nyeusi, kama kipande cha biskuti. Chipu moja, lakini kazi zake mbili: kutoa sauti kama redio, na kupiga simu ili kompyuta izungumze na kompyuta nyingine mbali. Sasa, kompyuta haijui kuitumia chipu mpaka iandikiwe programu ya kuiongoza. Wao huiita dereva. Binti yangu alikuwa ameandika madereva wawili, mmoja wa sauti, mmoja wa simu. Kila mmoja akiwa peke yake anafanya kazi vizuri kabisa. Wakiwa pamoja, sauti ikianza tu, simu inakatika.

"Wanagombania nini?" wifi yangu akauliza.

"Hawagombani, shangazi. Kila mmoja akija anaiamsha chipu upya, kama aliye peke yake duniani. Kile mwenzake alikuwa akifanya kinapotea."

Wifi yangu naye alikuwa na yake. Hakupika kwa moto wa mtu. Akiingia jikoni anavuta kuni zako kando, anatawanya makaa, anawasha moto wake mwenyewe. Siku hiyo nimeinjika kimanga, muhogo wa kupondwa na maharagwe, na maharagwe hata hayajalainika, nikatoka kidogo. Kurudi, chungu changu kiko chini na chake cha uji kiko juu.

"Wifi, chungu changu kimekukosea nini?"

"Moto wako ni wa moshi. Mtoto wa ndugu yangu atakula moshi?"

"Na huyo mtoto wa ndugu yako nilimlea kwa moto wa nani?"

Binti yangu alicheka mpaka akashika tumbo. "Basi hivyo hivyo ndivyo chipu yangu inavyofanywa," akasema. Akatueleza kwamba ameamua kuandika programu ya tatu, iwe kama mzazi. Huyo peke yake ndiye atakayeiwasha chipu, mara moja tu. Wa sauti na wa simu wakitaka kitu wamwombe yeye, na mmoja akiwa ameshika, mwingine angoje.

Jirani alikuwa dirishani, yote ameyasikia. "Na huo moto uani kwangu mzazi wake ni mimi," akasema. "Atakayeuzima, ahame!"

Binti yangu akaandika. Alhamisi stima ikapotea mchana kutwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, nikaiweka mapajani nikawa naisugua kwa mafuta.

"Mama, kama nikirudi huko..."

"Nyamaza. Lete mguu mwingine."

Stima ilirudi jioni, akaendelea. Ijumaa asubuhi akatuita. Kumbe alikuwa amemrekodi shangazi yake. Akabonyeza, na kompyuta ikasema, "Moto wako ni wa moshi! Moto wako ni wa moshi!"

"Huyo ni nani anajifanya mimi?" wifi akaruka.

"Shh, shangazi."

Sauti ikiendelea hivyo, akapiga Mombasa kwa waya wa simu ya jirani. Ikapiga mluzi, ikakwaruza, ikashika. Kazi yake ikaanza kwenda, huku wifi wa ndani ya kompyuta akizidi kulalamika. Haikukatika. Binti yangu hakuondoa macho pale, mkono wake umenishika kanga. Ilipokwisha akarudisha waya kwenye simu, tukakaa kungoja mkubwa wake apige. Jirani alikuwa akivuta tasbihi kimya.

Simu ikalia. "Ndiyo," binti yangu akasema. "Ndiyo. Asante sana." Akaiweka chini, akaja akaketi sakafuni, akalaza kichwa mapajani mwangu.

"Nimeruhusiwa kukaa, mama."

Nilimfungua kitambaa cha kichwa, nikamsuka nywele, taratibu, mpaka akalala hapo hapo.

Mtoto alizaliwa hospitalini Voi, msichana, mzima. Nilikuwa kwenye benchi nje ya mlango nilipomsikia analia. Mimi nasema ilikuwa Jumanne alfajiri. Wifi yangu anashikilia Jumatano. Kama wewe unayesoma ulikuwa kwenye lile benchi nasi, na nimekosea siku, au nimemsahau mtu, tafadhali nirekebishe nikiwa bado nipo.