Herufi Moja Ubavuni mwa Gari

“Nimewapa pesa yote ya kiwanja cha mama, mkaniletea gari la kunitukana!” mdogo wangu alikuwa akimwambia meneja. “Eti tunaziba! Nani kawaambia mimi naziba? Mimi nazibua, bwana. U iko wapi?”

Meneja alichungulia dirishani. Gari lilikuwa uani, jeupe, limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa za bluu: TUNAZIBA MABOMBA YA MAJI TAKA.

“Mteja ataelewa,” alisema.

“Ataelewa nini? Kwamba akinipigia simu nitakuja kumzibia choo?”

Nilikuwa nimekaa kando, mkoba mapajani. Aliniomba nimsindikize ili nimzuie asipandishe sauti. Nilimwacha apandishe.

Mdogo wangu huyu alizibua mabomba ya hoteli ya watu miaka na miaka, akinuka yeye, wakitajirika wao. Ndipo akasikia kuna kampuni inayouza jina lake: unalipa, unapewa gari, mashine yenye waya mrefu wa kusukuma uchafu, mashati, na sehemu ya mji iwe yako peke yako. Kila kazi wanakata chao. Usipofikisha kazi walizopanga kwa mwezi, sehemu yako anapewa mwingine. Akauza kiwanja cha mama, akatia saini huku anacheka. Mimi sikucheka, ila nani ananisikiliza?

Meneja akafungua mkataba. Wakala haruhusiwi kugusa maandishi ya gari, hata nukta. Makao makuu wameshaambiwa. Asubiri.

Akasubiri. Mtaa haukusubiri. Watoto walilikimbilia gari wakiimba “Bwana Ziba! Bwana Ziba!” Mwenye saluni, ambaye sinki lake humeza nywele kama lina njaa, alimwambia mbele ya wateja, “Wewe pita tu, shemeji. Langu limeshaziba tayari.” Waliokuwa wanakaushwa nywele wakacheka mpaka wakakohoa.

Kazi zikakauka. Wifi hata hakuuliza. Aliona mashati yanarudi nyumbani safi, akajua.

“Dada,” mdogo wangu akaniambia, “mwezi huu ukiisha hivi, wananinyang’anya.”

“Sasa unaniambia mimi, mimi ndiye niliyekosea kuandika?”

Akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akakopa kopo dogo la rangi ya bluu, akaichora U yake mwenyewe. Nafasi haikuwepo. Aliibana kati ya B na A, nyembamba kama mtu aliyechelewa kufika kwenye benchi.

Simu zikaanza kulia. Wa kwanza alikuwa mwenye saluni, wala hakuona haya. Mashati yakarudi yananuka, wifi akayafua anaimba. Kazi za mwezi zikafika, zikapita.

Halafu meneja akaja. Salamu hakutoa. Aliipiga picha ile U.

“Umeharibu nembo ya kampuni.”

“Nimeitengeneza.”

“Umeiharibu, mzee. Mkataba ndivyo unavyosema. Lete funguo.”

Gari likaenda, mashine ikaenda, na pesa ya kiwanja cha mama ikaenda. Sehemu yake akapewa mwingine, na gari lilelile. Na ile U hawakuifuta! Nimeliona kwa macho yangu likipita hapa mlangoni kwangu, TUNAZIBUA, linakwenda kwenye kazi za mdogo wangu.

Siku hizi anatembea kwa miguu, waya wa kuzibulia kwa mkono umeviringishwa begani, anabisha hodi nyumba kwa nyumba. Alipopata kazi ya kwanza yake mwenyewe, nilikuwa dukani kwa yule muuza vifaa nikinunua misumari. Akaingia na matope mpaka magotini, akaweka pesa kaunta.

“Ya ile rangi.”

“Aa, acha bwana,” mwenye duka akasema. “Rangi si imeondoka na gari? Nitawadai wao.”

“Wao hawakukopa.”

Mwenye duka akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye hakimu.

“Chukua,” nikamwambia. “Huruma yako hajaiomba.”

Akachukua. Akamrudishia chenji, mdogo wangu akaitia mfukoni bila kuitazama, akaurekebisha waya begani, akatoka.