Aliyejificha Nyuma ya Tumbawe

Mwanaamina, mjane wa Hilali muuza vitambaa wa Kasulu, alikuwa na samaki mmoja tu, kitatange, na samaki huyo alikuwa wa marehemu. Hilali, mtu wa Pangani, alishindwa kuizoea milima, basi akatengeneza tangi la kioo na kuagiza maji ya bahari yaje kwa treni ndani ya madumu. Watu walimcheka: Kigoma kuna ziwa zima, yeye anasafirisha maji! Hewa ya samaki ilitoka kwenye mpira wa tairi la lori, uliojazwa kwa pampu na kuachiwa upumue polepole kwa kijimrija. Hilali alipokufa, mkewe aliendelea kupiga pampu. Alizungumza zaidi na kitatange kuliko na majirani, nami simlaumu.

Mwaka 1972, habari za mauaji ya Burundi zilipofika, alikuja Ndayiragije, Mrundi aliyekuwa akirudi kutoka pwani, alikotumwa na tajiri wake wa Bujumbura kuchukua viumbe vya bahari. Ndooni alikuwa na matumbawe mawili hai na mnyama laini wa vidole vingi, aliyeng'ang'ania jiwe kama ua.

"Mama, nihifadhie siku chache," alisema. "Naenda kumtafuta mke wangu. Ila shaba usitie mle. Samaki anaivumilia, hawa inawaua."

Alisema hivyo kwa sababu aliiona bangili ya shaba ndani ya maji. Ndiyo iliyokuwa dawa ya Hilali: kitatange akitokwa na vidoa vyeupe, bangili hutoswa, vidoa vikaisha. Mwanaamina akaitoa, akabadilisha maji kwa madumu ya akiba, akaapa hataitia tena. Amana ya mtu si mchezo.

Wiki zikapita, mwenyewe haonekani. Yule mnyama alikuwa akihama. Kila asubuhi alikutwa amejongea, mwishowe akaganda kwenye kioo kinachotazama barabara. Majirani wakaanza kupita mbali na nyumba ile.

Kisha kitatange akatokwa na vidoa. Akawa anajikuna kwenye mawe, anahema. Mwanaamina alikaa mbele ya tangi mchana kutwa, bangili mkononi, akimwomba Ndayiragije atokee mlangoni amwondolee mtihani ule. Hakutokea. Akaitosa.

Kitatange akapona. Matumbawe yakawa meupe kama chokaa. Mnyama akasinyaa, akaachia kioo, akaoza. Mwanaamina alimzika chini ya mgomba, akalia kwa aibu.

Mvua zilipoanza akaja mwanamke aliyepitia Kibondo, miguu imevimba.

"Amahoro, mama. Mimi Esteri, mke wa Ndayiragije. Alinipata, akanivusha mto, akarudi kumchukua mama yake. Akasema, tangulia Kasulu kwenye nyumba ya samaki wa bahari, nimeacha amana pale, mnyama wa vidole; maadamu yu hai, lazima nitamfuata. Yule mnyama yu hai?"

Mwanaamina alifungua kinywa aseme kweli. Akaona jinsi Esteri alivyoushikilia mlango asianguke.

"Yu hai. Amejificha nyuma ya tumbawe."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilirefuka. Esteri alipata shamba Titye, na kila siku ya soko alikuja kukaa sakafuni mbele ya tangi. Mwanaamina ilimbidi atupe vipande vya nyama nyuma ya tumbawe, eti anamlisha. Kitatange alinenepa. Ndayiragije hakurudi mwaka ule wala uliofuata, na Mwanaamina akawa anaogopa kubaki peke yake na lile tangi, maana pembeni mwa jicho aliona vidole vikichezacheza.

Siku moja alikuwa kwenye duka la Hilali, ubavuni mwa chumba cha tangi, akimpimia mteja kitenge, Esteri akaita kutoka ndani kwa furaha.

"Mama! Njoo uone, ametoka! Ananyoosha vidole! Mume wangu yu njiani!"

Mkasi ulimponyoka. Akauokota, akaendelea kukata kitenge.

"Namwona, mwanangu," akajibu, mgongo wake ukiwa umeelekea kwenye tangi. "Namwona kila siku."