Mvua Katika Kitalu Kilichofungwa

Mwaka ule serikali ilipoleta tingatinga kuchimba bwawa kaskazini ya Garissa, watu wa kwetu waliacha mifugo malishoni wakaenda kutazama chuma kikila udongo. Mimi nilikuwa mkalimani wa ofisa Mwingereza aliyesimamia mifugo wilayani, ambaye watu wote walimwita bwana mifugo, nami nilikuwa na ruhusa ya kutazama nikiwa kwenye kivuli cha lori. Nilifurahi kama wengine. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi nawasikia wengi wa rika langu wakidai kwamba waliiona hatari tangu mwanzo. Hawakuiona. Tuliona maji.

Bwawa lilipojaa ndipo tulipoelezwa sharti lake. Baraza liliitwa, wanaume wakakaa mbele na wanawake nyuma, bwana mifugo akasimama juu ya sanduku. Nchi inayozunguka bwawa, alisema, imegawanywa vitalu vinne, na mipaka imewekewa mapipa yaliyopakwa chokaa. Kitalu kimoja kitafunguliwa na vitatu vitapumzika. Muda ukiisha kile cha kwanza kitafungwa na kingine kitafunguliwa. Ng'ombe waliozidi watapelekwa mnadani Garissa. Watu wataacha kuhamahama, watakaa karibu na maji, watauza na kununua, na watoto wao watasoma. Nilitafsiri kwa uangalifu. Hoja zenyewe hazikuwa za kipumbavu. Nilikuwa nimesoma vya kutosha katika madrasa za pwani, na baadaye peke yangu, kujua kwamba ardhi isiyopumzishwa huchoka. Kilichokuwa kikinisumbua sikuweza kukitaja bado.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Na mvua, nayo imeshaambiwa ianzie kitalu gani?"

Watu wakacheka. Bwana mifugo akanigeukia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba ya wazungu. "Sema nini huyo mama?"

Nikamweleza. Akacheka naye. "Nani yeye?"

"Ni mama yangu, bwana."

Akacheka zaidi. "Ambia mama yako, mvua iko kazi ya Mungu. Majani iko kazi yangu."

Nilipomfikishia, mama hakungoja hata nimalize. "Mwambie kazi hizo mbili tangu zamani zinafanywa na Mmoja."

Hilo nilipolitafsiri, bwana mifugo hakucheka.

Mama alikuwa mjane. Baba alipofariki alimwachia kundi dogo la ng'ombe, naye akalilea kwa miaka mingi, akitukamulia na kutulea kwa maziwa yake, mimi na mdogo wangu. Nilipopata kazi nilimwomba ahamie mjini. Alinijibu kwamba mjini maziwa yanauzwa, na mtu anayenunua maziwa hana cha kumpa mgeni. Alibaki na ng'ombe wake porini, pamoja na ami yetu na jamaa wengine, na mimi nikamtembelea kila nilipopata likizo.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa macho yao. Kwetu kundi haliondoki kwa kubahatisha. Hutumwa kwanza mtu mmoja mwenye miguu na akili kwenda kutafuta mahali mvua iliponyesha, na kazi hiyo huitwa sahan. Akirudi, hakuna anayemwuliza lolote kabla hajapewa maziwa. Akishakunywa, jamaa wote humzunguka na kumhoji, naye hueleza alichokiona kwa macho yake na kukitenga na alichosikia kwa wengine. Akiongeza chumvi hatumwi tena, na hata ushahidi wake katika kesi nyingine hupungua uzito. Tena kuna jambo moja ambalo mgeni hawezi kulijua asipoambiwa: mtu aliyekunywa yale maziwa na kuyataja malisho, ndiye anayetangulia kundi asubuhi kulipeleka huko. Hatoi habari akakaa kando. Habari yake ni ahadi.

Bwana mifugo alipotafuta askari wa kulinda vitalu, alitaka watu wanaoifahamu nchi. Alimchagua mdogo wangu mwenyewe, baada ya kumsikia akieleza njia ya siku kadhaa bila kukosea kisima hata kimoja. Alimpa koti la kaki na mshahara. Mimi sikulipenda jambo hilo, na nilimwambia.

"Mtu mmoja hawezi kuwa anayetafuta malisho na anayeyazuia," nilisema.

"Kaka, wewe mwenyewe unaongea kwa midomo miwili kila siku," alinijibu, "na bado unaswali."

Alikuwa mcheshi, na alilipenda lile koti. Lilikuwa na mifuko minne.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kirefu. Nilipata likizo nikapanda lori la mfanyabiashara mpaka bwawani. Kitalu kilichokuwa wazi kilikuwa kimelambwa. Pembeni mwa maji ardhi ilikuwa ngumu na safi kama sakafu ya nyumba, kwa maana mifugo ya koo zote ilisongamana hapo na haikuwa na pengine pa kwenda. Maji yalikuwepo. Ng'ombe walikunywa wakashiba maji, wakasimama wakitetemeka kwa njaa. Wa mama walikuwa wamebaki mbavu, na mmoja tu, yule mwekundu mwenye sikio lililochanwa, ndiye aliyetoa maziwa. Mama alinionyesha kila mmoja. Kisha akainua kidevu kuelekea mashariki, ambako mchana wote tulikuwa tukiliona wingu likimimina mvua, mbali, ng'ambo ya mapipa.

Jioni ile mdogo wangu alifika kwa miguu kutoka upande huohuo, koti mwilini, viatu vimejaa matope. Kila mtu aliyaona yale matope. Hakuna aliyeuliza. Mama alimkamua yule mwekundu, akampa bakuli. Alikunywa. Kisha akalivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka nyuma yake.

Ami akaanza. "Umeona nini?"

"Mvua."

"Umeiona au umeisikia?"

"Imeninyeshea."

"Udongo umelowa hadi wapi?"

"Hadi kifundo cha pili cha kidole."

"Ulichimba mwenyewe?"

"Kwa kidole hiki."

"Nyasi?"

"Zimeanza kuchungulia. Kabla ya mwezi huu kuisha zitafika mdomoni mwa ng'ombe."

"Kupe?"

"Wachache."

"Na mbung'o?"

"Hakuna."

"Na askari je?" ami aliuliza, na watu wakaanza kucheka kabla ya jibu.

"Yupo mmoja," alisema mdogo wangu. "Mkali sana."

Alipomaliza kuhojiwa alisimama, akalivaa koti na kulifunga vifungo vyote. "Sasa anayesema ni askari," alisema. "Kitalu kile kimefungwa. Msiende."

"Karibu, askari," mama alimwambia. "Maziwa yamekwisha. Ameyanywa mwenzako aliyekutangulia."

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mimi sikucheka, kwa kuwa niliona walivyomwelewa. Mwenye koti walimchukulia kuwa ni mzaha. Asiye na koti, aliyekunywa maziwa na kuyataja malisho, ndiye waliyemsadiki, na kwa desturi yetu maneno yake hayakuwa habari tu bali yalikuwa ni kufungua njia. Waliamini kwamba askari wa serikali akishasema nyasi ziko wapi mbele ya jamaa, basi serikali imesema. Hakuna watu wengine duniani ambao wangekosea namna hiyo. Na yeye, aliyeijua desturi kuliko wote, alidhani vifungo vya koti vingetosha kuitengua.

Nikawasihi wasubiri. Niliwaambia nitarudi Garissa nizungumze na bwana mifugo akifungue kitalu.

"Zungumza naye, mwanangu," ami alinijibu. "Sisi tutakungoja hukohuko penye nyasi."

Nilirudi siku iliyofuata. Bwana mifugo alinisikiliza mpaka mwisho, na lazima nimtendee haki: hakuwa mtu katili. Aliutazama ukuta palipotundikwa ramani yake, vitalu vinne vilivyopakwa rangi nne.

"Wewe soma sana," aliniambia. "Wewe fahamu. Leo nikifungua sababu ya wingu moja, kesho kuja wingu ingine. Basi mpango hapana tena."

"Bwana, ng'ombe hawali mpango."

"Na mpango hapana, ng'ombe kula nchi yote, kisha kufa yote. Hiyo unataka?"

Sikutaka hiyo. Hapo ndipo lilipokuwa teso langu, na miaka yote hii halijanitoka: kwamba yule mtu alikuwa na nusu ya ukweli akaishikilia kama ukweli mzima. Nchi ilihitaji kupumzika, ni kweli. Lakini katika nchi yetu ni mvua inayoamua mahali pa kupumzika, na mpango uliokuja kuyatengeneza maisha ya watu wetu ulikuwa na nafasi ya kila kitu, mnada, barabara, bwawa, chanjo, isipokuwa wingu. Hatimaye alikubali kuomba ruhusa kutoka juu. Kila asubuhi niliuliza kama imejibiwa. Kila asubuhi aliniambia, "Bado, ngoja."

Kabla ya jibu hilo, ilimfikia habari kwamba watu wameshaingia kitaluni. Alikasirika, kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi. Aliamuru watolewe, na kila boma litozwe faini ya ng'ombe, waletwe mnadani. Askari wa kitalu kile alikuwa mmoja tu.

Mdogo wangu aliwatoa. Wengine walisema angeweza kukataa, na ni kweli. Wengine walisema askari mwingine angekuja na bunduki, na hiyo nayo ni kweli. Alikwenda boma kwa boma akawachagua ng'ombe wa faini. Alipofika kwa mama, mama hakumngojea achague. Alimfungua yule mwekundu mwenye sikio lililochanwa na kumkabidhi kamba.

"Chukua huyu. Anakufahamu," alimwambia.

Nilimwona ng'ombe yule katika zizi la mnada Garissa, akiwa bado na chuchu zilizojaa. Akanunuliwa na mchuuzi, akavushwa mto Tana pamoja na wengine, upande ambako nyama inahitajika. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya zizi, koti limefungwa vifungo vyote katika jua lile. Hatukusalimiana.

Ruhusa ilikuja baadaye. Kitalu kikafunguliwa, na nyasi zilikuwa zimefika mdomoni mwa ng'ombe, kama mdogo wangu alivyosema. Lakini watu walikuwa wamerudishwa katika kile kitalu kilicholambwa, na ng'ombe wengi hawakuwa tena na nguvu ya kutembea mpaka huko. Wa mama walilala chini njiani, mmoja baada ya mwingine, na wengine walianguka wakiwa wameshayaona mapipa meupe. Waliofika walikuwa wachache, na hao mama aliwachanganya na kundi la ami, kwa sababu hawakutosha kuitwa kundi. Msimu uliofuata bwana mifugo aliwaeleza wageni wake, nami nikiwa nimesimama karibu, kwamba sasa watu wameelimika: hakuna tena anayeingia katika kitalu kilichofungwa. Nilitamani kumwambia kwamba hawakuelimika, wameishiwa. Sikuulizwa, na kazi ya mkalimani ni kusema anapoulizwa.

Mvua zilipokuja tena nilikuwa kwa mama. Mdogo wangu alifika alasiri. Safari hii koti alilibeba mkononi, na viatu vyake vilikuwa na matope mabichi. Mama alimpa maziwa, maana hakuna anayenyimwa maziwa kwetu. Alikunywa, akaweka bakuli, akangoja.

Ami alimwuliza kama lori la sukari limepita. Akajibu kwamba limepita. Mtu mwingine akauliza juu ya mgonjwa fulani aliyepelekwa hospitali Garissa. Naye akajibu. Bakuli likabaki mbele yake.

"Hamniulizi?" alisema mwishowe.

"Tukuulize nini, mwanangu?" mama alijibu.

"Nimetoka mbali. Nimeona."

"Tunajua umeona. Viatu vinaonekana."

"Hooyo, mama yangu, nilidanganya wapi?"

Mama aliliinua bakuli, akalifuta kwa pindo la nguo yake. "Hukudanganya hata neno moja. Ndiyo sababu hatukuulizi. Ukitueleza tutakwenda, na tukienda utakuja kututoa."

Mdogo wangu alikaa kidogo, kwa adabu, kisha akaaga. Nilimsindikiza mpaka kwenye barabara ya magari. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote ya haki, na nilikuwa nimeyapanga vizuri. Kabla sijafungua mdomo alianza yeye, kwa sauti ile ya mtu anayehojiwa: mvua imepiga upande gani, udongo umelowa hadi wapi, nyasi za aina gani zimeanza kuota, kupe wako au hawako, maji yamesimama katika mabonde yapi. Alivitenga alivyoviona na alivyovisikia. Hakuongeza kitu.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, mimi nisiye na ng'ombe hata mmoja.