Mawe ya Nekesa

Nilipokuwa mtoto pale Noonkopir, makaburi ya mji hayakuwa na ua wala lango. Punda milia walikula majani kati ya misalaba michache, na sisi watoto tulipita tumeficha mikono, kwa sababu ukilinyooshea kaburi kidole, kinaoza. Mimi nilificha vyote kumi, nisije nikasahau.

Mdogo wangu Nekesa alizikwa huko wakati wa ile mvua iliyokata barabara. Sisi ni watu wa Bungoma, na kwetu mtu hazikwi ugenini. Lakini gari hazikupita, baba akakata shauri.

Barabara zilipofunguka, Kukhu, mama yake baba, alikuja akakataa hata chai.

"Mmeacha mtoto peke yake huku? Basi amewafunga. Hamtarudi nyumbani."

Mama alilia vibaya sana. Aliyemtuliza ni Yeyo Naserian, jirani Mmasai aliyetuuzia maziwa. Alitupeleka kaburini, akaokota jiwe, akaliweka juu ya udongo.

"Kwetu ni wazee wakubwa tu ndio wanawekewa mawe na wapita njia," alisema. "Lakini huyu wako pia tumwekee. Hatakuwa peke yake."

Tangu hapo nilitoka shule na jiwe mfukoni. Wachungaji nao wakaongeza. Rundo likakua, nami nikaona kama ni Nekesa anayekua, na nilifurahi kweli.

Baba alipostaafu alirudi Bungoma. Mama alimwambia, "Tangulia, nakuja." Baba alizikwa huko akimngoja.

Siku hizi maghorofa yamezunguka makaburi, nguo zimeanikwa hadi juu, na punda milia sijui walienda wapi. Misalaba ya mbao imeoza, watu wanatafuta jamaa zao hawawaoni. Rundo letu linaonekana toka langoni.

Jumapili iliyopita mama aliketi kando yake, akisugua magoti.

"Nikifa mnipeleke kwa baba yenu, nimemngojesha sana," alisema. "Lakini wewe usihame."

Sikuwa nimemwambia kwamba nimepata nyumba Rongai, karibu na kazi. Niliokota jiwe, na uzito wa Nekesa ukanirudia mgongoni, pale nilipokuwa nikimbeba. Nilitamani nimbebe tena. Kukhu alikuwa amesema kweli, ila utotoni nilidhani kufungwa ni adhabu.

Jioni nilimpigia simu mwenye nyumba wa Rongai, nikamwambia ampe mtu mwingine.