Kiwiko cha Shadya

Bi Hidaya binti Sefu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanika dagaa wa Ujiji, mjane asiyejaliwa mtoto. Vita ya Kongo ilipowavusha watu ziwa mwaka 1996, alimwokota ufukweni binti wa miaka miwili mwenye homa, hana mtu. Akamlea, akamwita Shadya.

Mwaka uliofuata mama mzazi, Melania, akaja Ujiji kutoka kambi ya wakimbizi. Kovu la moto gotini mwa mtoto, alilolitaja kabla ya kuonyeshwa, lilimaliza ubishi.

"Aksanti, dada. Nabintu wangu!"

Hidaya akamkaribisha, akampikia, moyo unamchemka kama mawese jikoni. Nabintu! Hata jina kaja nalo. Kilichomuunguza zaidi ni mtoto kupakatwa na mgeni, akatulia, akasinzia.

Siku ya Melania kuondoka na mtoto, Hidaya akasimama mlangoni.

"Ana mafua. Mwache apone."

"Juzi ulisema tumbo."

"Unaniita mwongo nyumbani mwangu?"

Hidaya akavuta mkono wa kulia, Melania wa kushoto. Kiwiko kikalia ko! Mtoto akapiga ukelele, mkono wa kulia ukaning'inia.

Wakakimbilia hospitali, kila mmoja kashikilia upande wake. Daktari alikuwa Mchina, Kiswahili chake cha salamu tu.

"Fang," akasema.

Wakamkodolea macho. Akakunja ngumi mbili, akazikunjua, vidole wazi. "Fang!"

"Anasema mwachieni," nesi Edina akafafanua. "Hapa si kwa Nabii Suleimani, jamani."

Melania akatangulia kuachia. Hilo nalo likamchoma Hidaya: hata katika kuachia kapitwa! Akaachia naye, kwa hasira. Daktari akakizungusha kiwiko mara moja, kikarudi. Mtoto akanyamaza, akashuka, akaenda kuchezea ndoo ya maji.

Edina akachukua cheti cha matibabu. "Mama wa mtoto ni nani?"

Melania alikuwa mgeni. Akainamisha kichwa, akangoja. Hidaya alijua kwamba jina litakaloandikwa ndilo litakaloondoka na mtoto. Kinywa kilishafunguka kusema "mimi", macho yakaangukia ule mkono wa kulia wa mtoto. Alama za vidole vyake vitano zilikuwa bado nyekundu.

"Astaghfirullahi," akanong'ona. Kisha, kwa sauti: "Huyu hapa. Melania."

Edina akaandika. Wivu haukumtoka Hidaya hata kidogo.

"Na uandike kalelewa Ujiji."

"Bibi, hakuna nafasi ya hilo."

"Andika pembeni, mwanangu. Pembeni pananitosha."